Sifuri za Fomu Zinaficha Watoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe dukuduku langu juu ya jambo ambalo limenikera kwa muda mrefu, nalo ni hizi hesabu tunazoandikishwa mashuleni kuhusu haki za watoto. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kigamboni, upande wa kusini unaoelekea baharini, mbali na kivuko na mbali na lile Daraja la Nyerere lililofunguliwa mwaka 2016. Nasema nafundisha kijijini, ingawa kwa karatasi sisi ni manispaa na kiongozi wetu ni Mwenyekiti wa Mtaa. Anayetaka kubisha na aje apande bodaboda kutoka Kibada wakati wa masika, tutaelewana njiani.

Nieleze kwanza yaliyonipata. Muhula mmoja alifika shuleni kwetu kijana wa mradi wa haki za watoto, kijana mwenye adabu zake, akiwa na fomu ya kurasa nne. Mwalimu Mkuu akanikabidhi mimi niijaze, kwa kuwa ndimi mwalimu wa ushauri nasaha, na nadhani pia kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Fomu iliuliza mengi. Mafunzo mangapi yamefanyika, washiriki wanaume wangapi na wanawake wangapi, vipeperushi vingapi vimegawiwa, mabango mangapi yamebandikwa. Mwisho kabisa likaja swali moja: ni watoto wangapi wa shule hii wametendewa ukatili katika muhula huu? Nikamtazama Mkuu wangu. Yeye, bila kuinua macho kwenye shughuli zake, akasema, "Andika sifuri, mwalimu. Unataka tuletewe tume hapa?"

Nikaandika sifuri.

Sasa, Ndugu Mhariri, siku ile ile katika darasa la sita palikuwa na nafasi tupu kwenye dawati la pili kutoka mlangoni. Msichana aliyekaa pale alikuwa ameingia wiki ya tatu bila kuonekana. Katika daftari la mahudhurio tulikuwa tumemwandika mtoro. Wenzake walijua alipo, ila sisi walimu hatukuwauliza. Nilipowauliza wakanijibu mara moja, kana kwamba walikuwa wakingoja swali: alikuja mama mmoja wa ukoo wao akamvusha kivukoni kwenda mjini kulea mtoto wa watu na kufua. Msichana mwenyewe alikuwa na miaka 13. Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009, imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa mtoto kufanya kazi, tena kazi nyepesi isiyomzuia kusoma. Kwa hiyo yule hakuwa mtoro hata kidogo. Alikuwa mtoto aliyenyang'anywa shule, na sisi tukamwandikia kosa lake.

Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 95, inasema kuwa ni wajibu wa mtu yeyote katika jamii, mwenye ushahidi au habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa, kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa wa mahali hapo. Haisemi mwalimu akipenda, wala haisemi Mkuu wake akiridhia. Nilikuwa nimesoma maneno hayo nikiwa chuo cha ualimu, na nikayajibia vizuri katika mtihani.

Nataka nieleweke. Sina ugomvi na vijana wanaofanya kazi hii inayoitwa ufuatiliaji na tathmini. Wengi wao wanasota kuliko watu wanavyodhani. Wanakuja na vumbi mpaka kwenye kope, wanakaa barazani wakingoja Mkuu atoke kikaoni, wanarudi bila kula. Na kazi yenyewe ni ya maana. Kufuatilia ni kutazama jambo linavyokwenda lingali linakwenda, na kutathmini ni kuuliza baadaye kama mtoto amepata nafuu au hakupata. Mwalimu gani anaweza kulikataa hilo? Ndiyo kazi yetu ya kila siku. Lakini mkaguzi akija darasani kwangu (siku hizi tunawaita wathibiti ubora wa shule) haniulizi nimemaliza chaki ngapi. Anachukua madaftari ya watoto, anafungua, anatazama kama wanajua kugawanya. Fomu nyingi za haki za watoto zinahesabu chaki. Semina imefanyika, watu 40 wamesaini, chai imenyweka, picha imepigwa. Ukiuliza msichana wa dawati la pili yuko wapi, fomu haina mahali pa kumwandika.

Swali lile moja la mwisho, ambalo lilikuwa na mahali, ndilo tulilolitilia sifuri. Nimejiuliza sana kwa nini. Mkuu wangu si mtu mbaya. Ana watoto wake, na nimemwona akimnunulia mwanafunzi sare kwa fedha ya mfukoni. Tatizo ni kwamba katika mikutano ya walimu wakuu, shule iliyoandika matukio sita huitwa shule yenye matatizo, na iliyoandika sifuri hupigiwa makofi. Hapo nani ataandika sita? Tumewafundisha walimu wakuu kwamba namba kubwa ni aibu na namba ndogo ni sifa, kisha tunashangaa namba zinakuja ndogo.

Hebu tuangalie taifa zima. Mwaka 2009 ulifanyika nchini utafiti mkubwa juu ya ukatili dhidi ya watoto, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2011. Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza katika Afrika kupima namna zote za ukatili huo kwa wasichana na wavulana pamoja, jambo ambalo yafaa tujivunie, maana ni ushujaa kujitazama kwenye kioo. Vijana wa miaka 13 hadi 24 waliulizwa wenyewe, kwa faragha. Karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kijinsia wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu yao walisema wamepigwa au kuumizwa mwili. Na sisi walimu tulitajwa humo, tusijifiche. La kutisha zaidi kwangu lilikuwa jingine: katika wasichana waliotendewa ukatili wa kingono, kama nusu tu ndio waliomwambia mtu yeyote, na kwa wavulana kama theluthi moja. Waliotafuta msaada walikuwa wachache zaidi.

Shule yangu ina wanafunzi mia kadhaa. Nikizichukua hesabu zile za utafiti nikaziweka juu ya daftari langu la wanafunzi, kisha nikaitazama ile sifuri, nakosa hata pa kuificha sura yangu.

Halafu ikaja mipango. Serikali ilitoa Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, MTAKUWWA, wa mwaka 2017/18 hadi 2021/22, wenye nia ya kupunguza ukatili kwa nusu, na baada ya huo ukafuata wa pili. Zikaundwa kamati za ulinzi wa wanawake na watoto kuanzia ngazi ya mtaa na kijiji hadi juu. Ni mpango mzuri na ninauunga mkono kwa mikono miwili. Lakini mimi ni mwalimu wa hisabati, na ninaomba niulizwe swali la darasa la tatu: nusu ya sifuri ni ngapi? Ikiwa shule zimeanza kwa kuandika sifuri, huko kupungua kwa nusu tutakuonea wapi? Tena ikitokea mwaka fulani shule ikaamka, watoto wakaanza kusema, namba ikapanda kutoka sifuri hadi tisa, yuko mtu mezani atakayeandika kwamba shule ile imeharibika. Kumbe huenda ndiyo kwanza imeanza kutengenea.

Kabla sijaendelea kuwanyooshea wengine kidole, niseme na la kwetu. Kanuni za adhabu ya viboko mashuleni, zilizotungwa mwaka 1979 na kurekebishwa mwaka 2002, zinataka adhabu hiyo itolewe na Mwalimu Mkuu au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, isizidi viboko 4, na kila mara iandikwe katika kitabu maalum. Kitabu hicho, Ndugu Mhariri, ni chombo cha ufuatiliaji kilichokuwapo kabla ya miradi yote na kabla mimi sijazaliwa. Hakihitaji mfadhili wala mafunzo hotelini, kinahitaji kalamu. Mwaka wangu wa tatu kazini nilikifungua cha shule niliyokuwa nikifundisha wakati huo. Kilikuwa na kurasa mbili zilizoandikwa, zingine nyeupe pe. Na viboko vilikuwa vikitembea kila asubuhi kwa wachelewaji, tena zaidi ya vinne, na mkono mmojawapo ulikuwa wangu, sina idhini ya maandishi ya mtu yeyote. Nimeacha. Sisemi nimeacha kwa sababu ya semina. Niliacha siku nilipojaribu kuandika kila kiboko nilichopiga kwa wiki moja, jina la mtoto na kosa lake, na kufika Ijumaa nikaona jina moja limejirudia mara nne, kosa lile lile, kuchelewa. Nikamfuata kwao. Alikuwa akichota maji ya kuuza kabla ya kuja shule, kwa kuwa bibi yake haoni. Huyo ndiye niliyekuwa nikimfunza kuwahi.

Kwa hiyo siamini kabisa maneno ya wale wanaosema takwimu ni mambo ya ofisini. Kalamu na daftari vilinionyesha nilichoshindwa kukiona kwa macho mwaka mzima.

Nitoe mfano mwingine wa huku kwetu pwani. Kulikuwa na malalamiko kwamba wavulana wa madarasa ya juu ni watoro sugu. Nikachukua daftari la mahudhurio la miezi mitatu, nikaliweka sambamba na kalenda ya mwezi. Mahudhurio yao yalikuwa yakishuka siku chache, yakipanda, kisha yakishuka tena baada ya wiki mbili hivi. Ilikuwa bamvua. Watu wa pwani wanajua kwamba wakati wa bamvua maji hutoka sana, na kwetu hukauka kwenye saa nne, saa tano asubuhi, yaani saa za hesabu na Kiswahili. Miamba inabaki wazi, na watoto wanashuka na mama zao kutafuta pweza. Pweza ni fedha ya siku hiyo hiyo. Tulikuwa tumekaa na jibu hilo ndani ya kabati miaka yote, tukilijumlisha kila mwisho wa mwezi na kulipeleka wilayani kama asilimia moja kavu, isiyoonyesha siku wala mwezi mwandamo.

Tuliliita jambo hilo katika kikao cha wazazi. Sitadanganya kwamba limekwisha. Baadhi ya wazazi walikubali watoto wabaki shuleni na pweza watafutwe na wakubwa. Wengine walituuliza, na kwa haki, kama shule itawapa watoto uji siku hizo. Tukaanza kuzungumza habari ya uji. Lakini angalau sasa tunazungumza juu ya jambo lenyewe, na lile neno utoro sugu limepungua midomoni mwa walimu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na utaratibu wa sasa. Namba zinatoka shuleni zikipanda juu, hazirudi. Tunajaza takwimu za shule kila mwaka, tunajaza za mfumo wa kompyuta, tunajaza za mradi huu na mradi ule, na wakati mwingine maswali ni yale yale yenye mpangilio tofauti. Hata vishikwambi vilivyotumika kuwahesabu Watanzania katika Sensa ya tarehe 23 Agosti, 2022 vilikuja kugawiwa walimu. Vyombo basi vipo. Mimi sijawahi hata mara moja kurudishiwa karatasi inayosema: mwalimu, ulituandikia hili, sisi tumeliona, na hatua iliyochukuliwa ni hii. Mtu akiitwa mara kumi asiitikiwe hata mara moja, ya kumi na moja atanyamaza. Tena mtoto ndiye wa kwanza kunyamaza. Anamwambia mwalimu, mwalimu anaandika, kisha mtoto anamtazama mwalimu kila asubuhi akingoja.

Wazee wetu wanakumbuka wakati wa Elimu ya Msingi kwa Wote, iliyoanza mwaka 1977. Balozi wa nyumba kumi alijua nyumba ipi ina mtoto wa kwenda shule na hajaenda. Hakuwa na asilimia, alikuwa na majina, na alikuwa jirani, kwa hiyo aliulizwa na watu. Sisemi turudi huko kwa kila jambo, maana balozi naye alikuwa na shemeji zake wa kuwafichia. Nasema tu kwamba aliyehesabu na aliyetakiwa kuchukua hatua walikuwa wakionana kisimani.

Mfano mzuri wa siku hizi ninao pia, nao ni usajili wa watoto wa chini ya miaka mitano unaosimamiwa na RITA. Utafiti wa hali ya watu na afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa kiasi cha robo tu ya watoto wa umri huo ndio waliokuwa wamesajiliwa. RITA ilikuwa tayari imeanza, kwa kuanzia Mbeya, kuusogeza usajili hadi kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, cheti kikatolewa bila malipo na taarifa zikatumwa kwa simu. Angalia kinachohesabiwa pale: ni cheti kilicho mkononi mwa mama, na kila namba ina mtoto nyuma yake. Nasi walimu tunajua uzito wa karatasi ile. Yule msichana wangu wa darasa la sita hakuwa na cheti, na aliyemchukua alipoulizwa alisema kwa ujasiri kwamba ana miaka 16.

Kuna jambo moja ambalo lazima niliseme kwa upande wa pili, nisije nikaonekana nataka kila kitu kiandikwe na kutangazwa. Nimewahi kuona fomu yenye majina ya watoto na yaliyowapata ikiachwa juu ya meza ya ofisi ya walimu, mlango wazi, wanafunzi wanaingia kuchukua chaki. Kijiji ni kidogo. Jina la mtoto likishatoka na habari ya namna ile, halirudi tena, na pengine mtoto huyo ataolewa au kuoa akiwa bado anasemwa. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ningependa kujua ni miradi mingapi iliyokuja mashuleni ikaleta fomu pamoja na kufuli. Mtoto asipoamini kwamba maneno yake yatatunzwa, hatasema, na hapo tutapata sifuri ya namna nyingine.

Ombi langu kwa wahusika, yaani Wizara, halmashauri na mashirika yanayofadhili, si kubwa. Katika kila fomu inayouliza idadi ya watoto waliotendewa ukatili, iongezwe safu ya kuonyesha kila mmoja alisaidiwa nini na nani, na muhula unaofuata safu hiyo irudi shuleni ikiwa imejazwa. Mwalimu Mkuu asisimamishwe mkutanoni kwa sababu ya wingi wa matukio aliyoyaandika. Aulizwe yule anayeandika sifuri mwaka hadi mwaka. Kitabu cha viboko kifunguliwe mbele ya Kamati ya Shule kila inapokutana. Na hao vijana wa tathmini wapewe nafasi ya kukaa na watoto wenyewe, kwa utaratibu na faragha, kama walivyofanya watafiti wa 2009, badala ya kuishia kwetu sisi watu wazima ambao tuna vyeo vya kulinda.

Msomaji huenda anataka kujua habari ya yule msichana. Nilikwenda kwa Mwenyekiti wa Mtaa, tukampata Afisa Ustawi wa Jamii, na baada ya karibu miezi miwili alirudishwa. Alirudi amekonda, ana kovu la pasi mkononi, na amesahau kugawanya sehemu. Amerudia darasa. Kuondoka kwake kumeandikwa utoro, na kurudi kwake hakukuandikwa popote, isipokuwa sasa katika barua hii.

Fomu ya muhula huu imekwisha kuja. Nimeijaza jana usiku, nikaweka majina katika karatasi ya pembeni na kuifungia kabatini. Kwenye lile swali la mwisho nimeandika 7. Asubuhi nimempelekea Mwalimu Mkuu aitie saini. Ameisoma, ameiweka chini ya kioo cha meza yake, na hadi naandika barua hii bado iko hapo.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kigamboni,
Dar es Salaam.